Fomu haina mstari wa bibi: barua ya wazi kwa wanaotuongoza Haut-Katanga

Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, komini ya Katuba

Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Haut-Katanga,
Waheshimiwa wabunge wa Jimbo,
Mheshimiwa Meya wa Lubumbashi, pamoja nanyi wakuu wa komini zetu saba,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mwalimu wa sekondari, mama wa watoto watatu wa tumbo langu na wawili wa marehemu dada yangu. Sosiolojia niliisomea hapa hapa kwetu, kule Kasapa, kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na tangu nimalize sijaacha kufuatilia jambo moja: jinsi karatasi inayotiwa sahihi ofisini inavyoingia nyumbani kwa mtu, ikaamua nani ale, nani asome, nani amsikilize nani. Hilo ndilo linalonifanya niwaandikie.

Mwezi uliopita nilimsindikiza jirani yangu, bibi wa miaka sitini na kitu, kwenye ofisi moja ya hapa mjini kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake. Mtoto ana miaka tisa na shule imemwomba cheti. Bibi alikuwa amebeba kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa nailoni uliowahi kuwa na sukari. Kingo za kadi zimelika, lakini tarehe, uzito na mihuri ya chanjo bado vinasomeka. Karani aliigeuza mara mbili.

"Baba wa mtoto ni nani?"

"Yuko machimboni. Kolwezi, au Fungurume. Hatuna habari zake."

"Na mama?"

"Alishuka Kasumbalesa, mpakani, kwa biashara. Akipata anatuma."

"Sasa wewe ni nani kwa huyu mtoto?"

Bibi akajibu, "Mimi ndiye ninayemlisha."

Kalamu ya karani ilibaki hewani. Fomu ina mstari wa baba na mstari wa mama. Mstari wa anayemlisha haupo. Tukaambiwa siku 90 ambazo sheria inaruhusu kuandikisha mtoto zimepita zamani, twende mahakamani tutafute hukumu ya kuziba pengo. Gharama tuliyotajiwa haifikiwi na makala, yaani mkaa, ambayo bibi anauza kwa vifungu mwezi mzima. Karani hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alitusikiliza, hata alimpa bibi kiti. Ila mkononi alishika fomu iliyotengenezewa familia nyingine.

Familia hiyo nyingine, ile ambayo fomu inaitafuta, ninyi mnaijua vizuri kwa sababu ilijengwa hapa kwetu, na walioijenga walikuwa na mahesabu yao.

Kampuni ya Union Minière, ya kuchimba shaba, ilipoundwa mwaka 1906, haikuwa na haja ya familia. Ilitaka wanaume. Waliletwa kutoka mbali, kwa mikataba ya miezi michache, wakalala wengi pamoja, wengi wakafa kwa magonjwa na wengine wakatoroka. Kufikia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni iliona hasara ya mtindo huo, ikabadilisha njia. Mikataba ikawa ya miaka mitatu. Mfanyakazi akaruhusiwa, kisha akahimizwa, kuja na mke, na asiyekuwa na mahari kampuni ilimkopesha. Kambi zikajengwa, nyumba kwa nyumba. Posho ikapimwa kwa hesabu ya midomo: ya baba, ya mama, ya kila mtoto. Kukawa na kliniki za wajawazito, mizani ya watoto wachanga, shule za wamisionari, na nyumba za akina mama ambamo wanawake waliokuwa wakilima na kuuza mazao kwao walifundishwa kushona, kupika na kusafisha.

Wanasosiolojia wanaofuata njia ya Marx wakiutazama mpango huo husema: hapa mtaji ulikuwa unajitengenezea wafanyakazi wa leo na wa kesho, na mwanamke alizaa na kulea bila mshahara kwa faida ya mgodi. Mfaransa Jacques Donzelot, aliyeandika mwaka 1977 kuhusu Ufaransa, alionyesha jambo linalofanana na hilo: daktari, mwalimu na mhudumu wa jamii walivyokuwa macho ya serikali ndani ya nyumba, hasa nyumba za maskini. Yeyote aliyekulia kambini hapa anajua habari ya kukaguliwa usafi wa nyumba. Wanawake waliosoma jamii kwa jicho la wanawake wakaongeza lao, nami naliona kubwa kuliko yote: mpango ule ulimfanya mwanaume kuwa mlango wa pekee ambao chakula, nyumba na dawa vilipitia. Mke alikula kwa jina la mume. Alipokufa mume au alipofukuzwa kazi, hata nyumba ilikwenda.

Kampuni ilipotaifishwa mwaka 1967, ikaja kuwa Gécamines, desturi iliendelea. Wazee walikuwa wakisema kampuni ni baba, kampuni ni mama. Mwaka 1986 ilitoa shaba zaidi ya tani 400,000. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, mishahara ikaanza kukatika, na kati ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaagwa kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wakaitwa watu walioondoka kwa hiari. Ile ilikuwa sera ya kijamii, hata kama iliandikwa na watu wa mahesabu. Kwenye vitabu vya mahesabu walihesabiwa wafanyakazi 10,000. Wake zao, watoto wao, wadogo zao waliotoka kijijini kuja kusomea kwao, wazazi waliotumiwa pesa kila mwezi, hao hawakuwamo.

Baba yangu hakuwa wa mgodini. Alifanya kazi kwenye kampuni nyingine kubwa ya hapa mjini, ambayo jina lake halina haja hapa, lakini mambo yalikwenda vivyo hivyo. Siku ya posho ninaikumbuka kwa harufu: samaki kavu, mafuta ya mawese, unga mpya. Baba alikuwa na kiti chake chenye mikono, cha mbao nyekundu, na hakuna mtoto aliyethubutu kukikalia. Akiwa amekaa pale, mama akileta bukari, yaani ugali, hata wajomba waliokuwa wageni walishusha sauti.

Mshahara ulipokatika, kwanza mwezi, halafu miezi, baadaye tukaacha kuhesabu, mama aliuza vitenge vyake viwili vya harusi, akaenda Kasumbalesa, akarudi na mifuko miwili ya unga kutoka Zambia. Akaupima kwa bakuli mbele ya nyumba. Ndivyo tulivyokula. Baba aliendelea kuvaa koti la kazi kila asubuhi, anatoka saa moja, anarudi saa sita. Sijui alikokuwa akienda, na mama hakumuuliza kamwe. Nilichokiona ni kwamba aliacha kukalia kile kiti wakati wa kula. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Na alikuwa ameacha kutuuliza habari za shule, kwa sababu kuuliza habari za shule ni kuuliza habari za pesa. Kaka yangu mkubwa akaanza kumjibu. Siku moja alimjibu mbele ya wageni, na baba akanyamaza.

Wanahistoria wa Chuo Kikuu chetu, hasa Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, walikusanya masimulizi ya nyumba nyingi za namna hii. Baba aliyejengwa na posho alibomoka pamoja na posho. Mama akawa nguzo, lakini sheria na desturi ziliendelea kumwita msaidizi. Nilipoyasoma nikiwa mwanafunzi, nililia maktabani. Sikuwa nimejua kwamba kile kiti cha baba kilikuwa na wenzake wengi hivyo.

Mtaniambia hayo yamepita. Hapana, Waheshimiwa. Kampuni imekwenda, familia yake ya kwenye karatasi imebaki, na ndiyo ambayo leta, yaani serikali, inaendelea kuihudumia. Bado makarani, wakaguzi na waandishi wa bajeti wanamtafuta baba mwenye karatasi ya mshahara, mke mmoja nyumbani, na watoto wa tumbo lao. Familia ninayoiona kwenye komini zetu za Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba ni bibi na wajukuu sita, shangazi na watoto wa marehemu, mama anayeuza sombe, majani ya muhogo, sokoni na mume ambaye yuko machimboni miezi minane kati ya kumi na miwili.

Mmarekani Talcott Parsons alifundisha kwamba kwenye nchi ya viwanda familia ndogo ya baba, mama na watoto ndiyo inayofaa, kwa sababu inahama kirahisi kufuata kazi, na mambo mengine kama kuuguza na kufundisha huchukuliwa na hospitali na shule. Yawezekana alikuwa anaeleza mitaa aliyoijua. Kwetu hospitali inadai pesa mkononi na kiwanda kilifungwa, na familia iliyobaki peke yake na baba, mama na watoto ndiyo ya kwanza kuzama. Inayoelea ni ile yenye shangazi.

Wapo pia wanaofikiri kama Charles Murray, Mmarekani mwingine, aliyedai katika miaka ya 1980 kwamba msaada wa serikali unawazoesha watu kutofanya kazi na unawafanya akina baba wakimbie wajibu wao. Nimeyasikia maneno hayo hata kwa viongozi wetu: mkiwapa, watalala. Naomba yeyote anayesema hivyo afike soko la Kenya saa kumi na moja alfajiri. Wanawake wale hawajawahi kupewa kitu na leta, na hawajalala.

Sera nyingine nzuri mmezileta, wala sitaki kuonekana sizioni. Elimu ya msingi bila malipo ilikuwa imeandikwa kwenye Katiba ya 2006, ikaanza kutekelezwa kweli Septemba 2019. Mtaani kwangu niliiona ikibadilisha hata undugu. Kabla ya hapo, kila Agosti mjomba mwenye mshahara alikuwa anajificha. Wapwa walikuja mmoja mmoja na barua za wazazi wao, na urafiki wa ndugu ukapimwa kwa pesa za shule. Baada ya 2019 niliona ndugu wawili waliokuwa hawasemezani wakikaa msiba mmoja wakicheka. Mabinti waliokuwa wamebakishwa nyumbani ili kaka asome, waliingia darasa la kwanza wakiwa na miaka kumi.

Lakini msamaha unaishia darasa la sita. Mtoto akifika mwaka wa saba pesa zinarudi, na zinarudi kwa kishindo kwa sababu sasa wamefika watoto wengi zaidi mlangoni. Mimi ndiye ninayewapokea, au nisiyewapokea. Katika nyumba yenye watoto wanne waliosoma bure, hapo ndipo mama analazimika kuchagua, na chaguo hilo nimelishuhudia: mvulana anaendelea, msichana anapelekwa kwa shangazi "kusaidia kazi kidogo." Sera ileile iliyomtoa nyumbani akiwa mdogo inamrudisha akiwa na miaka kumi na mitatu. Wakati huo huo walimu wa msingi wana vyumba vyenye watoto wanaokaa watatu watatu kwenye dawati la wawili, wengine chini.

Sheria ya familia nayo. Ile ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mume kwa mambo mengi ya kisheria. Mwaka 2016 Bunge likairekebisha: idhini ile ikaondolewa, na wanandoa sasa wanatakiwa kukubaliana wao wawili. Mume bado anaitwa mkuu wa nyumba, na hilo nitalipinga siku nyingine. Mwaka jana nilikwenda mahali fulani kufuatilia karatasi za kiwanja nilichonunua kwa akiba yangu ya likelemba, ule mchango wetu wa kupokezana. Nikaombwa barua ya mume wangu. Nikauliza: mume akija hapa, huwa mnamwomba barua ya mkewe? Yule kijana wa dirishani alinitazama kwa mshangao wa kweli. Swali hilo halikuwa limewahi kumfikia. Sheria ya 2016 ilikuwa na miaka mingi tayari, na dirisha lile lilikuwa bado mwaka 1987.

Wenzetu wa mbali wamewahi kuingia moja kwa moja chumbani mwa watu: China iliwabana wengi kwa mtoto mmoja tangu mwaka 1980 hadi 2015, Romania ikakataza kutoa mimba mwaka 1966 na baadaye nyumba za yatima zikafurika. Kwetu leta haijafika huko. Kwetu inaingia kwa mambo ambayo hayaitwi ya familia. Oparesheni ya kuwaondoa wauzaji barabarani inaitwa ya usafi wa mji. Mnaona meza zimevunjwa; mimi siku tatu baadaye naona viti vitupu darasani kwangu. Bei ya unga inaitwa habari ya mpaka na forodha. Nyumbani ni habari ya kula mara moja, na ya nani asile.

Na uzazi. Sheria ya kazi ya 2002 inampa mwanamke aliyeajiriwa majuma 14 ya mapumziko, na theluthi mbili za mshahara. Ni haki njema, nilinufaika nayo mimi mwenyewe. Jirani yangu anayeuza matembele alijifungua Jumanne, na Jumatano ya juma lililofuata alikuwa sokoni, mtoto amefungwa mgongoni, ubao wa mboga kichwani. Siku nane. Kati ya wanawake wa mtaa wetu, walioajiriwa kwa mkataba nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Basi nawaomba nini?

Kwanza habari ya bibi. Sheria inaruhusu ndugu wa karibu kumwandikisha mtoto wazazi wasipokuwepo. Makarani wafundishwe hivyo, na wakae ndani ya nyumba za uzazi ili zile siku 90 zisipite mtoto akiwa bado kwenye kanga. Kwa waliokwisha kuchelewa, najua mahakama haiko chini yenu, lakini bajeti iko. Lipieni vikao vya mahakama vinavyoshuka mitaani, Katuba, Ruashi, Annexe, siku moja kila mtaa, bila mzazi kutoa falanga hata moja. Na mlezi halisi, awe bibi au shangazi, apewe karatasi ya komini inayotambulika shuleni na hospitalini, iliyothibitishwa na mkuu wa mtaa na majirani wawili. Majirani wanajua nani anamlisha nani. Hatuhitaji uchunguzi mkubwa kulijua hilo.

Pesa, mtasema. Sheria ya madini ya Machi 2018 imegawa mrabaha wa migodi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komini au sekta ya vijijini yenye mgodi, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Makampuni yanadaiwa pia asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wenyeji. Malori ya shaba na kobalti tunayaona yakielekea Kasumbalesa usiku na mchana, vumbi lake tunalivuta. Bandikeni kwenye ukuta wa komini, kila miezi mitatu, kiasi kilichoingia na kilikokwenda. Kisha anzeni na vyumba vya madarasa na mwaka wa saba na wa nane kwa wasichana, na banda la watoto wachanga kwenye kila soko kubwa, lenye maji na kivuli, ambapo mama aliyejifungua juzi anaweza kunyonyesha akiwa amekaa. Kuna watu wataona banda ni jambo dogo. Mimi ningelianza kabla ya barabara yoyote.

Na kila mnapojadili edit mpya, yaani sheria ya Jimbo, Bungeni, mwiteni mwanamke mmoja wa sokoni aulizwe: hii ikipita, nyumbani kwako Jumamosi kutakuwaje? Mwandikeni jina kwenye kumbukumbu za kikao kama mnavyomwandika mtaalamu.

Baba yangu alifariki akiwa na heshima ya majirani, namshukuru Mungu. Kile kiti cha mbao nyekundu kiko kwangu. Mama, ambaye sasa haoni vizuri, ndiye anayekikalia.

Jumatatu saa mbili asubuhi, bibi na mimi tutarudi kwenye dirisha lile lile. Safari hii kadi ya kliniki ameitia ndani ya bahasha mpya, akaniomba niandike juu yake jina la mtoto kwa herufi kubwa. Nakala ya barua hii itakuwa ndani. Tunaomba mtupokee.

Mwalimu na mama,
Katuba, Lubumbashi